Aksoloti Wako Anaumwa? Anza na Maji: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Wanaofuga aksoloti huuliza maswali yale yale, na karibu yote yana neno "dawa" ndani yake. Kaka, nimpe dawa gani, hali chakula. Dada, huyu anaelea tangu jana, kuna dawa? Mimi hujibu kwa swali: maji yako yana nyuzi ngapi, na amonia imesoma ngapi? Hapo kimya hufuata, maana kipimajoto hakipo na matone ya kupimia maji hayajawahi kununuliwa.

Aksoloti ni salamanda anayebaki kiluwiluwi maisha yake yote. Hana magamba, ngozi yake ni laini na inapitisha vitu, na matamvua yake, yale anayopumulia majini, yako nje ya kichwa, wazi kabisa. Kilichomo majini kinamwingia. Ukimtibu yeye ukaacha maji yalivyo, wiki ijayo utaanza upya.

Humu dalili ndizo zinazoongoza. Chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayoonekana mara nyingi, na jambo la kukagua kwa dakika mbili linatangulia lile la kukutoa jasho.

Kabla ya dalili yoyote: pima

Joto kwanza. Asili ya mnyama huyu ni Xochimilco, kwenye masalia ya maziwa na mifereji ya kusini mwa Jiji la Mexico, mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ukiangalia ramani utasema ni nchi ya joto, lakini maji yake ni baridi, sawa na Limuru ilivyo jirani na ikweta na bado watu wanavaa masweta. Nyuzi 16 hadi 18 za Sentigredi ndizo zinazomfaa. Kwenye 20 anavumilia. Kuanzia 22 anaanza kuchoka, na maji yakikaa 24 kwa siku kadhaa, tarajia agome kula, aelee na aote kuvu, pengine vyote kwa mpigo.

Amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza, na nitriti, sumu inayotokana na amonia, ziwe sifuri. "Karibu na sifuri" haitoshi. Nitrati ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita ni nzuri. Ikifika 40 badili sehemu ya maji leo, usingoje Jumamosi. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inayopendeza ni 7.4 hadi 7.6, ingawa anaishi kati ya 6.5 na 8. Kumbuka pia kwamba kiasi kile kile cha amonia kina sumu kali zaidi pH inapopanda, kwa hiyo mwenye maji ya pH 8 hana nafasi ya kuzembea.

Tumia vipimo vya matone. Vile vikaratasi vya kuchovya ni rahisi, ila vingi havipimi amonia kabisa, na amonia ndiyo unayoitafuta.

Pima na maji unayoyaingiza, yasiwe yale ya tangini peke yake. Maji ya bomba yana klorini, na kwenye miji mingine kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. Klorini hupungua maji yakikaa wazi usiku kucha, kloramini haiondoki hivyo. Tumia dawa ya kuondoa klorini iliyotengenezwa kwa matangi, na iwe isiyo na mshubiri (aloe vera) ndani yake. Maji ya kisima kilicho karibu na choo cha shimo yanaweza kuwa na nitrati kabla hujaweka mnyama. Maji ya boza hujui yametoka wapi. Maji ya mvua ni laini mno, hayana chumvichumvi za kushikilia pH, na aksoloti anapenda maji magumu kiasi. Kama ndoo zako za nyumbani huwekwa vidonge vya kusafishia maji ya kunywa, hiyo nayo ni klorini.

Jambo la mwisho la kukagua: tangi limekomaa? Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Wanachukua wiki nne hadi nane kujijenga, na wanahitaji amonia ya kula wakati tangi bado halina mnyama. Tangi lililokomaa linamaliza miligramu 2 za amonia kwa lita ndani ya saa 24, na nitriti ikasoma sifuri. Bakteria hao hukua haraka zaidi kwenye maji ya vuguvugu, kwa hiyo ukiwa bado hujamleta mnyama, acha maji yawe ya joto, kisha uyapooze kabla hajaingia.

Ikiwa umeshamweka na vipimo vimekuja vibaya, mtoe. Chukua beseni la plastiki ambalo halijawahi kutiwa sabuni, weka maji safi yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile la tangi, kina kimfunike vizuri, funika kwa kifuniko chenye matundu, weka kivulini. Badili maji yote kila siku. Anaweza kuishi hivyo kwa wiki kadhaa huku tangi likikomaa. Beseni hili litarudi mara nyingi huko mbele, kwa hiyo linunue kabla hujalihitaji.

Amegoma kula

Kwanza tulia. Aksoloti mzima mwenye afya anakula kila baada ya siku mbili au tatu, na wiki mbili bila chakula hazimwui. Mdogo ndiye anayepaswa kula kila siku, na huyo akigoma siku tatu ni jambo la kushughulikia.

Sababu inayoongoza ni joto. Soma kipimajoto saa nane mchana, maana asubuhi kila tangi ni zuri. Inayofuata ni amonia au nitriti. Ya tatu ni ugeni: aliyeletwa juzi anaweza kukaa wiki nzima amejificha bila kugusa kitu. Mpe pango la kujificha na uzime taa. Hana kope, mwanga mkali hana namna ya kuukwepa.

Kama vipimo ni safi na si mgeni, angalia chakula chenyewe. Nyungunyungu ndiye chakula bora kwake, lakini wale wadogo wekundu wa kwenye mboji hutoa ute mchungu na aksoloti wengi huwatema. Utamwona anamvuta mdomoni, anasimama kidogo, kisha anamtoa mzima mzima na kurudi nyuma hatua mbili. Huyo hajaumwa, amekataa tu mboga. Tafuta nyungunyungu wakubwa wa udongoni, wakate vipande vya upana wa mdomo wake, wasuuze. Usichimbe kwenye shamba au bustani iliyopigwa dawa ya wadudu au iliyotiwa mbolea ya dukani.

Sababu ya nadra, ila mbaya kuliko zote, ni kuziba tumbo. Aksoloti hula kwa kufungua mdomo ghafla na kufyonza chochote kilicho mbele, na changarawe huingia pamoja na chakula. Ikiwa sakafu ya tangi ina vijiwe vidogo kuliko kichwa chake, na hajapata haja kubwa kwa zaidi ya wiki, chukulia kwamba amemeza. Mpeleke kwenye beseni la maji ya baridi, usimlishe, angalia kinyesi. Wengine hutoa jiwe wenyewe.

Acha na utafute daktari: akiwa amekonda hadi tumbo kuwa jembamba kuliko kichwa, au ukigusa tumbo taratibu ukahisi kitu kigumu. Usimkamue. Picha ya eksirei huonyesha mawe bila ubishi, na kuna mawe yanayotoka kwa upasuaji tu.

Wakati huo huo ondoa changarawe. Sakafu tupu inatosha. Mchanga laini sana unamfaa aliyevuka sentimita 15 hivi, maana akiumeza unapita.

Anaelea, hawezi kushuka

Kuelea kwa hiari na kuelea kwa lazima ni vitu viwili. Aksoloti ana mapafu, huvuta hewa mara moja moja na wengine hupenda kuning'inia juu wakitazama chumba. Mguse kwa upole kwa kidole. Akiogelea chini akabaki huko, hana shida. Akipiga mkia, akashuka, kisha akarudi juu kama kizibo akiwa ameinamisha kichwa au amebinuka upande, huyo ana gesi.

Hewa aliyoimeza wakati wa kula ndiyo huongoza, hasa kama unampa vidonge vinavyoelea. Mpe vinavyozama. Gesi hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Kisha kuna kufunga choo, na kwa hilo beseni la maji ya kina kifupi na ya baridi husaidia: miguu iguse chini ili asichoke kupambana, lakini mgongo usikauke. Amonia nayo huleta kuelea, kwa hiyo rudi kwenye matone.

Wafugaji wa siku nyingi huwa na hatua ya friji, na ni lazima niieleze kwa sababu utaisikia. Mnyama huwekwa kwenye chombo chenye kifuniko cha matundu ndani ya friji ya kawaida yenye nyuzi 5 hadi 8. Baridi hiyo hupunguza kasi ya mwili na ya vijidudu. Inafanya kazi, lakini si ya kuanzia nayo. Maji yapoozwe kwa hatua, saa kadhaa, usimtoe kwenye 22 ukamtumbukiza kwenye 6. Hapewi chakula akiwa humo. Maji hubadilishwa yote kila siku kwa maji yaliyokwisha kupoa kwenye friji hiyo hiyo. Na kama mtaa wako umeme unakatika kila jioni, mwache kwenye beseni.

Acha na utafute daktari: akielea kwa zaidi ya siku tatu nne bila kupungua, au mwili wote ukivimba kama umejaa maji.

Matamvua: yamepinda, yamenyauka, au yamefifia

Matamvua ndiyo kioo cha afya yake, na kila mmoja ana yake, kwa hiyo mpige picha leo akiwa mzima. Utakuja kuihitaji.

Yakipinda kuelekea mbele na ncha ya mkia ikajikunja kama ndoano, karibu kila mara ni mkondo wa maji. Filta inasukuma kwa nguvu na yeye hana pa kukwepa. Elekeza mdomo wa filta ukutani, au weka bomba lenye vitundu vingi linalotawanya maji, au ubadili kabisa uweke filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ndani ya siku chache yatarudi nyuma. Yasiporudi, pima maji.

Manyoya ya matamvua yakiwa yamepungua na kuwa mafupi, tuhumu maji machafu ya muda mrefu: nitrati iliyokaa juu kwa miezi, au amonia ndogo isiyoisha. Sababu ya pili ni mwenzake anayeyang'ata. Yanaota tena maji yakitengemaa, na usishangae yakichukua wiki nyingi.

Yakipauka wakati tu akiwa amelala, usijali. Damu hurudi akichangamka, na kwa wale weupe utaona wekundu ukipanda wakati wa kula.

Pamba nyeupe mwilini au kwenye matamvua

Hiki ni kisa kinacholeta watu wakiwa na hofu kuliko vyote, na ndicho kinachotibika kwa urahisi kikiwahiwa. Vinyuzi vyeupe vinavyocheza na maji kama pamba ni kuvu, mara nyingi jamii ya Saprolegnia. Vimelea vyake vimo kwenye kila tangi. Vinashika pale ngozi ilipojeruhiwa, au mnyama alipodhoofika kwa joto. Kwa hiyo kabla ya kuuliza umwondoeje kuvu, jiulize alipata mwanya wapi. Kipimajoto kina jibu mara nyingi.

Hakikisha kwanza kwamba ni kuvu. Aksoloti hujichuna ngozi, na vipande vyembamba vinavyoning'inia kama utando huondoka vyenyewe. Mabaki ya chakula nayo hunasa kwenye matamvua. Kuvu haondoki ukipunga maji karibu yake.

Hatua ya upole: mhamishie kwenye beseni lenye maji baridi na chai. Naam, chai. Iwe chai nyeusi tupu, isiyo na tangawizi, iliki, wala ladha ya limau. Ile yenye viungo kunywa mwenyewe. Pakiti moja kwa lita 8 hivi, ichemshwe pembeni, ipoe kabisa, ndipo uchanganye. Tanini iliyomo hukaza ngozi kidogo na kumnyima kuvu raha. Badili yote kila siku.

Msomaji wa pwani ana kitu bora zaidi mlangoni pake. Majani ya mkungu, yale mapana yanayogeuka mekundu kisha kahawia na kujaa uani, wafugaji wa Ulaya huyanunua kwa pesa yakiwa yamefungwa kwenye pakiti kwa kazi hii hii. Okota yaliyoanguka na kukauka yenyewe, mbali na barabara ya magari na miti iliyopuliziwa dawa. Yaoshe, weka jani moja kubwa kwa kila lita 40 hivi. Maji yatageuka rangi ya chai hafifu na pH itashuka kidogo. Jani likianza kuoza, litoe.

Hatua ya pili: kuoga maji ya chumvi. Hapa umakini unahitajika, kwa sababu chumvi inayomchoma kuvu inayachoma na matamvua. Chumvi iwe isiyotiwa madini joto wala kitu cha kuzuia isigandamane. Soma pakiti, maana chumvi nyingi ya dukani ina madini joto. Vijiko viwili hadi vitatu vya chai kwa lita moja ya maji yaliyoondolewa klorini, iyeyuke yote, joto liwe sawa na la beseni. Mweke dakika 10. Zisizidi 15 hata kidogo, na usiende jikoni. Kisha mrudishe kwenye maji matamu. Mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache. Pamba hulegea na kudondoka. Akianza kurukaruka kwa fujo ndani ya chumvi, mtoe hata kama ni dakika ya nne.

Methilini bluu, dawa ya maji yenye rangi ya buluu, nayo hutumika, kwenye beseni tu. Ukiimwaga tangini itaua bakteria wa filta na utakuwa umejitengenezea amonia.

Dawa za samaki za kutibu madoa meupe, zenye shaba, malakaiti ya kijani au fomalini, zisimguse. Muuza samaki atakwambia "hii inafaa wote". Haifai wote. Na ule mtindo wa kuongeza joto la maji ili kuua ugonjwa ni wa samaki wa tropiki. Kwa aksoloti ni kumsukuma shimoni.

Acha na utafute daktari: kuvu akienea mwilini licha ya siku nne tano za matibabu, au ngozi iliyo chini yake ikiwa na kidonda kinachochimbika.

Ngozi nyekundu, mishipa inaonekana, au vidonda

Pima amonia dakika hii. Kuungua kwa amonia huleta wekundu kwenye tumbo, miguu na vidole, matamvua hunyauka, ute hutoka kwa wingi. Chanzo kikubwa hunishangaza kila nikikisikia: mtu amesafisha tangi vizuri sana. Ametoa sponji ya filta, akaisugua chini ya bomba mpaka ikawa mpya, akairudisha. Klorini imeua bakteria wote na siku ya tatu amonia imepanda. Sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi, na ibaki na rangi yake mbaya. Chanzo kingine ni kipande cha chakula kilichooza nyuma ya pango, au umeme uliokatika.

Umeme ukikatika, bakteria wa filta hukosa oksijeni. Filta ya sponji huvumilia kwa kuwa imo ndani ya tangi. Filta ya mtungi wa nje iliyozimika saa nyingi huoza ndani, na umeme ukirudi inamwaga uozo wote tangini. Ichomoe, imwage, isuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya chakula cha mchana na inaokoa filta nzima.

Amonia ikiwa sifuri na wekundu bado upo, hasa kwenye mapaja na tumbo, pamoja na unyonge, vidonda, au mwili kuvimba, hiyo huenda ni bakteria waliofika kwenye damu, na Aeromonas ni mtuhumiwa wa kawaida. Hapa usijaribu chochote cha nyumbani zaidi ya beseni la maji safi ya baridi. Anahitaji antibiotiki iliyopimwa kwa uzito wake na mtu anayejua, na anaihitaji leo. Kapsuli za binadamu zilizobaki kabatini zisifunguliwe.

Anapanda kuvuta hewa kila dakika, au anakimbia tangini kama amefukuzwa

Kuvuta hewa mara chache kwa saa ni kawaida. Ikiwa kila dakika, maji hayana oksijeni ya kutosha au yanamuwasha. Joto linahusika tena: maji ya nyuzi 18 hubeba takriban miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 28 hubeba kama 7.8, na wakati huo huo mwili wake uliopata joto unadai oksijeni zaidi. Weka jiwe la hewa, lile la kutoa viputo kwenye pampu, punguza joto, pima amonia na nitriti. Akianza kukimbia dakika chache tu baada ya kubadili maji, ulisahau dawa ya klorini au maji mapya yalikuwa na joto tofauti. Mwondoe mara moja, hilo halingoji.

Maji hayapoi: neno kwa wa pwani na wa bara

Dalili nyingi hapo juu zinarudi kwenye joto, kwa hiyo nieleze wazi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili hadi nne, kwa kuwa inaongeza mvuke. Palipo na unyevu mwingi hewani, mvuke hautoki vizuri na feni inafanya kidogo. Chumba cha Dar es Salaam, Mombasa au Muscat chenye nyuzi 30 hakiokolewi na feni. Huko kuna njia mbili: mashine ya kupooza maji iliyounganishwa na filta, au kiyoyozi kinachowaka mchana na usiku. Mashine hiyo hutema joto chumbani, kwa hiyo isifungiwe kabatini. Kama bajeti haifiki hapo, usimnunue. Nasema bila kuzunguka kwa sababu nimeona watu wakinunua mnyama kwanza na mashine "mwisho wa mwezi".

Wa Limuru, Njombe au Mbeya wana nafuu. Kwa miezi mingi maji hukaa yenyewe chini ya 20. Walio Ulaya husahau kiangazi: Julai moja ya joto kali inatosha.

Chupa za barafu ni za dharura. Weka moja, ngoja, pima, na usiruhusu joto kuruka nyuzi nne juu na chini kila siku. Kupanda na kushuka kunamchosha karibu sawa na joto lenyewe.

Mguu, mkia au tamvua limekatika

Hapa habari ni njema. Maji safi ya baridi, beseni, utulivu, na kiungo kitaota chenyewe ndani ya wiki hadi miezi, pamoja na vidole vyake. Kazi yako ni kumzuia kuvu kwenye jeraha na kumtafuta aliyekata. Mara nyingi ni aksoloti mwenzake, hasa wadogo, ambao hung'ata chochote kinachotikisika. Watenganishe kwa ukubwa. Samaki nao hawafai: wadogo huliwa na wanaweza kumpa vimelea, na wale wanaonyonya kuta za tangi humfuata na kunyonya ute wa ngozi yake.

Tumbo limevimba lakini anakula na kutembea

Umri wake ni mwaka hivi? Basi huenda ni jike mwenye mayai, ambaye hutaga kutoka mia moja hadi karibu elfu. Dume hujulikana kwa uvimbe wa wazi nyuma ya miguu ya nyuma. Uvimbe laini wa mwili mzima, hadi shingoni na miguuni, ni maji yaliyojaa ndani na ni kazi ya daktari.

Matamvua yanaisha, pezi la mkia linatoweka, kope zinatokea

Nadra sana. Anageuka kuwa salamanda wa nchi kavu. Madini joto yanaweza kuchochea, ndiyo maana narudia habari ya chumvi. Punguza kina cha maji, mpe mahali pakavu pa kupanda ili asizame, na mtafute mtaalamu.

Ukimpeleka kwa daktari

Daktari wa mifugo wa ng'ombe na kuku mara nyingi hajawahi kumwona mnyama huyu. Piga simu kwanza, uliza kama anatibu amfibia na samaki. Kama hatibu, muulize anayemjua. Fanya hivyo sasa, mnyama akiwa mzima, ili usiku wa dharura uwe na namba.

Msafirishe kwenye chombo cha plastiki ndani ya kasha la kubebea barafu, na chupa iliyoganda ikiwa imefungwa taulo, isimguse. Maji yafike juu kidogo ya mgongo, yasipwaye. Beba chupa nyingine ndogo ya maji ya tangi kwa ajili ya vipimo, picha yake ya alipokuwa mzima, karatasi yenye joto, amonia, nitriti, nitrati na pH za siku za karibuni, na orodha ya kila ulichomwaga majini, hata kile unachoona aibu kukitaja. Weka na hati za ununuzi na vibali: aksoloti yuko kwenye Orodha ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, nchi nyingi hutaka kibali cha kumwingiza, na huko Marekani jimbo la California limepiga marufuku kumfuga.

Usimlishe siku ya safari. Anaweza kutapika njiani, na maji kidogo ya chombo yatageuka amonia kabla hujafika.